Uso wa Confesora

“Uso huu si wako.”

Maneno hayo ndiyo Nurys aliyoambiwa na simu katika sehemu ya wiki iliyopita, tukamwacha pale pale jikoni kwake, kijijini Paya, simu mkononi, bandeji imefunguliwa nusu. Wapo wasomaji walioniandikia kunilaani. Mmoja ameniuliza kifuani nina moyo au nina jiwe. Moyo ninao, ila leo msiutegemee.

Wewe uliyechelewa, shika haya upesi. Nurys anapika halua ya maziwa, ile wanayoililia watu wetu walioko New York kila Krismasi ikikaribia. Mwezi uliopita karai lilipinduka likiwa linachemka, wala hakuona limegongwa na nini, likamla uso wote upande wa kulia. Kope haifungi. Jicho linakauka. Daktari wa mji mkuu amesema wiki hii apasuliwe, la sivyo jicho basi.

Pesa ya upasuaji ipo. Ni mauzo ya msimu mzima, imelala kwenye akaunti yake ya Cuartoya, wale jamaa wa malipo ya mtandaoni. Lakini Cuartoya wameifunga, wanataka kwanza kuhakikisha kwamba muuzaji ndiye yeye. Kitambulisho mbele, kitambulisho nyuma, kisha uso wenyewe kwenye kamera.

Na uso ndio huo.

“Tafadhali ondoa chochote kinachofunika uso,” simu ikasema tena kwa sauti yake ya upole. “Geuka kushoto. Geuka kulia. Tabasamu kidogo.”

Nurys akatabasamu. Nusu ya mdomo ilikubali, nusu ilikataa.

“Uso huu si wako. Ombi lako litapelekwa kwa ofisa wetu, atakupigia leo kwa video. Hiyo ndiyo nafasi yako ya mwisho.”

Radhamés, mumewe, alikuwa ameegemea mlango, funguo za pikipiki zinazunguka kidoleni.

“Si uwaambie tu kwamba umeungua?”

“Nimewaambia. Wamenijibu wanasikitika. Kama sura imebadilika, nitume kitambulisho kipya chenye picha mpya.”

“Haya, twende ukapigwe picha mpya.”

“Nilikwenda jana, Rada. Hawapigi picha mtu mwenye bandeji.”

“Ungeitoa.”

“Niliitoa. Yule dada wa kamera akaziba mdomo kwa kiganja. Akaniambia mama, jifunike, urudi ukipona.”

Radhamés akaacha kuzungusha funguo. Akatazama dari, akatazama sakafu, kisha akasema kama mtu aliyekumbuka jambo sasa hivi.

“Deyanira.”

Deyanira ni mdogo wake Nurys. Wamepishana mwaka mmoja, na tangu utotoni watu wa Paya walikuwa wakimsalimia huyu kwa jina la yule. Pua moja, macho mamoja, hata pengo la meno ya mbele ni lile lile. Tofauti yao ilikuwa mikono: Nurys alikoroga karai tangu darasa la tatu, Deyanira hajawahi kushika mwiko maishani mwake.

“Akae mbele ya kamera dakika chache tu,” Radhamés akasema. “Pesa itoke, twende hospitali. Nani atajua?”

Nurys akaitazama simu. Jicho la kulia lilikuwa linamwaga maji lenyewe, bila kulia.

“Muite,” akasema.

Aliitwa, na kabla kahawa haijapoa alikuwa mlangoni, kajitia manukato, nywele zimenyooshwa kwa pasi. Mimi ningeuliza mtu anayeishi mjini Baní amefikaje haraka hivyo. Nurys hakuuliza. Mwenye shida haulizi maswali.

“Nipe hicho kitambulisho nikisome, nisije nikatoa aibu,” Deyanira akasema. Akakipokea, akakisogeza dirishani, kisha akapasuka kicheko mpaka akashika meza. “Con-fe-so-ra? Wewe? Unaitwa Confesora?”

“Acha, Deya.”

“Miaka yote hii nakuita Nurys, kumbe nina dada Confesora! Rada, ulijua?”

“Siku ya ndoa nilisikia padri akitamka,” Radhamés akasema. “Nilidhani amekosea.”

Msishangae. Huku kwetu mtu anaweza kulala kitanda kimoja na nduguye mpaka wote wawili wakaolewa, wasijuane majina ya kwenye karatasi. La Nurys lilikuwa na kisa chake. Alipozaliwa, baba yao alichukua kalenda ya watakatifu atafute jina la siku hiyo, kama walivyofanya wazee wote. Macho yake hayakuwa mazuri. Akaruka jina la mtakatifu, akasoma cheo chake kilichoandikwa pembeni, *confesor*, mtu aliyeikiri imani hadharani. Akaenda kuandikisha mtoto kwa cheo. Mama alipopata habari alikaa siku nzima hasemi na mumewe, kisha akamwita mtoto Nurys, na Nurys ikabaki.

Duka lake la mtandaoni likawa Halua ya Nurys. Akaunti ikafunguliwa kwa jina la Nurys. Kitambulisho kikasema Confesora. Hapo ndipo Cuartoya walipoanza kunusa.

“Mimi mwenyewe nilikuwa sijalizoea hilo jina,” Nurys akasema taratibu, anafunga bandeji. “Nililizoea wodini. Wauguzi wanasimama mlangoni wanaita. Siku ya kwanza waliita Confesora, Confesora, Confesora, nikadhani ni mwingine. Ukiitwa mara tatu hujaitika, unarukwa. Nililala na vidonda wazi mpaka kesho yake. Tangu siku hiyo naitika.”

“Maskini,” Deyanira akasema, anajitazama kwenye kioo cha ukutani. “Sasa nipe na ile blauzi yako ya njano. Na hereni za mama, umezivaa kwenye picha.”

“Uso hautoshi?”

“Dada, unataka jicho au hutaki?”

Nurys akaleta blauzi. Akaleta hereni. Deyanira alivua shati lake la mikono mirefu chumbani, akatoka amevaa blauzi isiyo na mikono, mtandio mabegani. Radhamés alipomwona alinyooka mlangoni kama askari. Alikuwa anamtazama mkewe wa kabla ya kuungua.

“Niapie kwanza,” Nurys akasema. “Pesa ikitoka, hospitali. Leo hii.”

“Naapa kwa roho ya mama. Sasa ingia nyuma ya pazia, usikohoe, usipumue.”

Simu ikalia.

Ofisa aliitwa Yokasta, mwanamke mwenye miwani, sauti ya mtu aliyekwisha kudanganywa sana tangu asubuhi.

“Habari za saa hizi. Naongea na nani?”

“Confesora Báez Pimentel,” Deyanira akajibu kama mtoto aliyekariri shairi.

“Geuka kushoto. Kulia. Tabasamu.” Pengo la meno likaonekana. “Vizuri. Mbona akaunti ina jina la Nurys?”

“La nyumbani hilo, mwanangu. We kwenu unaitwa jina la kwenye karatasi?”

Yokasta akacheka kwa mara ya kwanza. “Kwetu naitwa Kuku.”

“Umeona sasa!”

Nyuma ya pazia, Nurys alishika ukuta. Ilikuwa inakwenda. Mungu wangu, ilikuwa inakwenda kweli.

Ndipo mtandao ukafanya mambo yake. Picha ikaganda, Yokasta akabaki na mdomo wazi kwenye kioo cha simu, kimya. Deyanira akadhani simu imekatika. Akageukia kioo cha ukutani, akaanza kujirekebisha rangi ya midomo.

“Confesora?” sauti ikarudi, picha bado imeganda. “Confesora, unanisikia?”

Deyanira anapaka rangi.

Radhamés akapunga mikono. Akatoa macho. Akaonyesha simu kwa kidevu. Deyanira akamwona kwenye kioo, akadhani anamsifia, akamkonyeza.

“Confesora!”

Ilikuwa mara ya tatu.

“Abee!”

Sauti ilitoka nyuma ya pazia, kubwa, safi, ya mtu anayeogopa kurukwa. Nurys mwenyewe hakujua kama ni yeye, mpaka alipoona ameziba mdomo.

Picha ikafunguka. Yokasta alikuwa ameinamia kamera yake.

“Nani huyo aliyeitika?”

Deyanira akageuka, rangi imempita pembeni ya mdomo. “Huyo? Hapana, huyo si mtu. Ananioshea sufuria.”

Nyie! Si mtu. Mimi nimeandika tu, sikumtuma aseme.

“Mbona anaitikia jina lako, na wewe huliitikii?”

“Mtandao ulikata, sikusikia...”

“Yeye alisikia. Mwite aje hapa, nimwone.”

Radhamés alitembea mpaka kwenye pazia. Alilifungua mwenyewe, akamshika mkewe bega, akamnong'oneza, na wala hakuwa na aibu: “Ukisema ukweli wanafunga kila kitu. Jicho lako liko mdomoni mwako.”

Nurys akatoka. Akasimama mbele ya simu yake mwenyewe, bandeji usoni, karibu na mdogo wake aliyevaa hereni za mama yao.

“Pole, mama,” Yokasta akasema alipomwona, sauti imeshuka. “Nini kimekupata?”

“Kazi.”

“Unaitwa nani?”

Hapo, wasomaji wangu, palikuwa na majina matatu mezani. Angesema Confesora, angekuwa amemshika dadake kwa wizi wa uso, na akaunti ingefungwa siku hiyo hiyo, jicho likaenda nayo. Angesema Nurys, Yokasta angeinua macho asome jina la duka. Lilibaki moja tu.

“Naitwa Deyanira,” akasema.

“Mbona umeitika alipoitwa Confesora?”

“Nimezoea, bibie. Akiitwa yeye, kazi ni yangu.”

Yokasta alimtazama muda. Labda aliona kitu. Labda alikuwa na wauzaji wengine kumi wanaosubiri, kila mmoja na kitambulisho chake na uongo wake. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

“Sawa. Bi Confesora, tumemaliza. Na huyo mama umpeleke hospitali, tafadhali. Hilo jicho si zuri.”

“Leo leo,” Deyanira akasema, mkono kifuani.

Simu ikakatika, ikatetema. Ujumbe ukaingia una maua na fataki: *Hongera, Confesora! Utambulisho wako umehakikiwa. Kuanzia sasa uso huu ndio ufunguo wa akaunti yako.*

Radhamés alipiga kofi la furaha. Nurys akakaa kwenye kigoda. Alicheka kidogo, kwa upande ule unaoweza.

“Asante, mdogo wangu. Haya, itoe. Tukiondoka sasa tunawahi.”

Deyanira alikuwa anajipepea kwa kitambulisho.

“Tulia kwanza, kuna joto.”

“Deya, hospitali inafunga.”

“Nilikuwa nawaza,” Deyanira akasema. “Hii biashara ilikosa kitu kimoja tu, sura. Watu wa New York wananunua kwa macho. Mimi nitakuwa natokea kwenye video, we unapika huko nyuma, kila mtu na kipaji chake. Lakini video zinataka mtaji. Taa. Simu nzuri. Nguo. Haitawezekana kuichota pesa yote ikaishie kwenye kope.”

Nurys alidhani ni utani. Alimtazama mumewe acheke, ili naye acheke.

“Rada?”

“Tusubiri Krismasi ipite, mke wangu.” Alikuwa anaongea na funguo zake. “Mwezi wa kwanza hivi tutaangalia.”

“Daktari amesema wiki hii.”

“Madaktari nao wanatafuta chao.”

“Uliapa kwa roho ya mama!” Nurys akamgeukia dadake. “Uliapa hapa hapa! Nimejikana kwa ajili yako, nimesema mimi si mimi! Nipe simu yangu.”

“Chukua.”

Aliichukua. Akaiinua usoni. Kioo cha simu kikawaza, kikakataa. Akaondoa bandeji. Kikakataa. Deyanira akanyoosha shingo kutoka pembeni, akaingiza uso wake kidogo tu kwenye kamera, na akaunti ikafunguka kama mlango wa mwenye nyumba.

“Umeona?” akasema, akaichukua simu kwa vidole viwili. “Wala si mimi. Ndivyo walivyoamua.”

“Na jicho langu, Deyanira?”

“Jicho moja linatosha kukorogea maziwa, dada.”

Nje kulikuwa na gari limesimama barabarani, mtu anauliza bei ya halua ya nazi, na hakuna aliyemjibu.

“Nirudishie hereni za mama,” Nurys akasema mwishowe.

“Utavalia sikio gani?”

Akasema hivyo huku ameinua mikono kufunga nywele, maana joto lilikuwa kweli kali. Mtandio ukateleza ukaanguka. Mkono wa kushoto ukabaki wazi, kuanzia kiwiko mpaka kwapani.

Kulikuwa na madoa manane au tisa. Madogo, ya mviringo, ngozi mpya ya waridi inayong'aa.

Nurys aliyajua. Mikono yake mwenyewe imejaa hayo, ya zamani, meusi. Maziwa ya sukari yakikurukia hayateremki kama maji. Yananata pale pale, yanachoma shimo lao, yanaacha muhuri. Hakuna kitu kingine duniani kinachoacha alama ya namna ile. Na huyu hajashika mwiko maishani mwake.

Siku karai lilipopinduka, Deyanira alikuwa saluni Baní. Alisema hivyo mwenyewe, akilia, kwenye kitanda cha wodi, ameshika mkono wa dadake. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu. Tangu siku ile hakuvaa kingine.

Radhamés aliyaona madoa yale wakati ule ule. Hakushtuka. Aliokota mtandio haraka, akamfunika shemeji yake mabega kwa upole, kama mtu aliyezoea kufanya hivyo, kisha akatazama sakafu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba siku nyingine kinakuja kuziazima na nguo zenyewe.

Ningekuwa mimi, ningepiga kelele Paya nzima ijae. Nurys hakupiga. Alifunga bandeji yake taratibu, safu juu ya safu, akabana pini. Akanyanyuka. Akaenda kwenye karai kubwa la shaba, lile lile, lililokuwa na maziwa ya asubuhi yanayoanza kuwa mazito. Akashika mwiko.

“Umesema kweli,” akasema, mgongo ameuelekeza kwao. “Watu wananunua kwa macho.”

Deyanira na Radhamés wakatazamana.

“Ongeza kuni, Rada. Oda ni nyingi.”

Radhamés akaongeza kuni, tena kwa moyo, kama mtu aliyesamehewa kabla hajaomba. Moto ukapanda. Halua ikaanza kutoa mapovu makubwa yanayopasuka kwa sauti nzito, moja hapa, moja kule.

“Si ulitaka video?” Nurys akasema. “Ianze leo. Hivi ndivyo wanavyopenda kuiona, ikiwa inachemka.”

“Kweli eh?” Deyanira akafurahi mpaka akasahau kujipepea. Akamkabidhi Radhamés simu, akafuta ile rangi iliyopita pembeni ya mdomo, akaja kusimama kando ya jiko, hereni zinameremeta. “Hapa nimetokea?”

“Mbali,” Nurys akasema. Alikuwa ameuchomeka mwiko chini kabisa ya karai, mikono yote miwili imeushika. “Inama kidogo. Mwanga wa moto unapendeza usoni.”

Deyanira akainama. Radhamés akainua simu mbele ya macho yake, akafumba jicho moja ili aone vizuri.

“Karibu zaidi, Confesora,” Nurys akaita.

Deyanira akamgeuzia dadake uso wote, ule mzuri, unatabasamu.

“Abee?”